Shahidi wa Nyumba Aliyoijenga: Mali ya Wasiofunga Ndoa Wanapoachana

Mkataba ule ulikuwa karatasi moja iliyochanwa daftarini, umeandikwa kwa kalamu ya buluu na kugongwa muhuri wa LC1, yaani baraza la kijiji. Ulieleza kwamba mnunuzi, mwanaume, amenunua kiwanja cha futi hamsini kwa mia nje kidogo ya mji wa Jinja, Uganda, na kwamba amemaliza kulipa. Chini yake mashahidi walipangwa pande mbili, wa muuzaji na wa mnunuzi, na upande wa mnunuzi jina la kwanza lilikuwa la mwanamke aliyekuwa ameketi mbele yetu. Siku mkataba unaandikwa alikuwa ameishi na mwanaume huyo miaka minne katika chumba cha kupanga Walukuba, na sehemu kubwa ya fedha ile ndiye aliyeibeba, imefungwa kwenye kitambaa kiunoni, faida ya mukene, yaani dagaa, aliokuwa akinunua Masese na kuuza rejareja. Mwenyekiti alimwuliza kwa upole, “Mama, hapa ulitia sahihi kama nani?” Akajibu, “Kama mwenye nyumba, mzee.” Karatasi, hata hivyo, ilisema shahidi.

Nilikuwepo kwa sababu mama huyo ni jirani yangu na aliniomba nimsomee maandishi. Mwanaume alikuwa ameondoka miezi mitatu nyuma, akarudi na mnunuzi mpya wa kiwanja pamoja na nyumba ya vyumba viwili iliyosimama juu yake. Hakukuwa na kanisa, wala nikahi, wala mahari. Kulikuwa na miaka tisa, watoto wawili, na daftari la mama lenye bei za matofali, saruji na mabati, kila mstari na tarehe yake. Naandika makala haya kwa kuwa naamini mama yule ana haki katika nyumba ile, na kwa kuwa naona jinsi mjadala wetu wa kitaifa kuhusu watu wa aina yake ulivyopotea njia kwa kuuliza swali lisilo lake.

Tuanze na sheria ilivyo. Uganda inatambua ndoa zilizofungwa kwa taratibu zinazojulikana: ya kanisani na ya serikalini chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1904, ya Kiislamu kwa sheria ya 1906, ya Kihindu kwa sheria ya 1961, na ya kimila ambayo husajiliwa kwa sheria ya 1973. Hakuna popote katika sheria hizo panaposema kwamba miaka ya kuishi pamoja, iwe miwili au ishirini, hugeuka kuwa ndoa. Watu wengi wa mipakani, Mutukula kwa mfano, husikia mambo ya Tanzania na kudhani ni yetu pia. Kule Sheria ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 160, inaweka dhana ya ndoa pale mwanaume na mwanamke walipokaa pamoja miaka miwili au zaidi hadi jamii ikawaona kuwa mume na mke, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Sisi hatuna kifungu cha namna hiyo. Anayevuka mpaka kuja huku akiamini kwamba muda umekwisha kumfanya mke, anakuwa amejenga juu ya mchanga.

Matokeo yake ni makubwa kuliko jina la “mke” peke yake. Ibara ya 31 ya Katiba ya 1995 inawapa mwanaume na mwanamke haki sawa katika ndoa na wakati ndoa inapovunjwa, lakini lazima pawepo ndoa ya kuvunjwa. Sheria ya Ardhi ya 1998, hasa baada ya marekebisho ya 2004, inakataza mtu kuuza, kuweka rehani au kugawa ardhi ambayo familia inaishi na kupata riziki yake bila idhini ya mwenzi wake. Mwenzi huyo ni wa ndoa. Kwa hiyo mwanaume aliyefunga ndoa hawezi kuuza nyumba ya familia bila kumwuliza mkewe, ilhali jirani yake ambaye hakufunga anaweza kumleta mnunuzi asubuhi, wakapima kwa hatua, na mwanamke akapata habari kutoka kwa watoto wanaocheza uani. Tofauti hii ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu inafika kabla ya kesi yoyote kufunguliwa. Mali ikishauzwa, kinachobaki ni kumfuata mtu na fedha alizokwisha kuzitumia.

Kabla ya kukubali kwamba wawili hawakuwa na ndoa, hata hivyo, inafaa kuuliza vizuri. Wapo wanaojiita “tunakaa tu” ambao kwa macho ya sheria wamekwisha kuoana. Ndoa ya kimila haiwi batili kwa sababu tu haikusajiliwa. Kama wazee walikutana, mahari ikatolewa na kupokewa kwa desturi ya kabila husika, ndoa ipo, hata kama hakuna cheti kilichochukuliwa ofisini. Ndiyo maana kesi nyingi za mali huanza na mvutano kuhusu sherehe. Upande mmoja unasema ilikuwa kwanjula kamili, sherehe ya utambulisho, mwingine unasema ilikuwa kukyala tu, ziara ya kujuana. Picha zinaletwa, mashangazi wanaitwa, mtu anaulizwa mbuzi walikuwa wangapi. Vivyo hivyo kwa Waislamu: nikahi iliyosomwa sebuleni mbele ya walii na mashahidi ni ndoa, na shehe aliyeisoma anaweza kuitwa kusema. Mtu yeyote anayeachana na mwenzake asikubali haraka neno “hamkuoana” kabla ya kuwauliza wazee wake ni nini hasa kilifanyika.

Jirani yangu hakuwa na hata hayo. Mjomba wake alikufa kabla ya ziara ya kwanza, na baadaye kila mwaka ulikuwa na sababu yake: ada za shule, mvua, ugonjwa. Hapo ndipo watu wengi, wakiwemo baadhi ya wanasheria niliowasikia redioni, hufunga mjadala. Mimi naona ndipo unapoanza.

Fikiria Mahakama ya Juu ya Uganda ilivyoamua mwaka 2013 katika kesi ya Julius Rwabinumi dhidi ya Hope Bahimbisomwe. Hao walikuwa wamefunga ndoa, tena kanisani. Mwanamke alidai mgawo wa mali, na swali kubwa lilikuwa kama ndoa yenyewe humpa kila mmoja nusu. Katika hukumu kuu iliyoandikwa na Jaji Esther Kisaakye, mahakama ilisema hapana. Usawa wa ibara ya 31 hauna maana kwamba kila kilichomo ndani ya ndoa kinakatwa katikati. Mtu anaweza kuwa na mali yake binafsi hata akiwa ndani ya ndoa, na sehemu atakayopata katika mali ya ndoa inategemea mchango wake, uwe wa moja kwa moja au wa njia nyingine. Wengi waliisoma hukumu hiyo kama pigo kwa wake. Nakubali kwamba imewapa wake mzigo mzito wa ushahidi. Lakini ndani yake mna jambo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha: ikiwa hata pete haikupi nusu, na kinachokupa fungu ni mchango, basi kukosekana kwa pete hakupaswi kuufuta mchango. Tofali lililonunuliwa na mke na tofali lililonunuliwa na mwanamke asiye na cheti lina uzito uleule ukutani.

Na sheria, ukiitazama kwa makini, haijaufuta. Ibara ya 26 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kumiliki mali peke yake au pamoja na wengine, wala haiulizi kama hao wengine wameoana. Mahakama zetu pia zinatumia kanuni za haki na uadilifu zilizorithiwa kutoka sheria ya Kiingereza, ambazo kwazo mtu aliyeandikwa jina kwenye hati anaweza kuonekana kuwa ameishika mali hiyo, yote au sehemu, kwa amana ya yule aliyetoa fedha au aliyeaminishwa kwamba ni yao wote. Majaji wa Mahakama Kuu wamewahi kuwapa watu walioishi pamoja bila ndoa fungu kwa msingi wa mchango. Njia ipo, ila ni nyembamba. Anayeipita haingii kama mwenzi, anaingia kama mdai wa kawaida wa ardhi, na mzigo wote wa kuthibitisha ni wake. Lazima aanze na mahakama sahihi, kwa maana hakimu mkuu, kwa kawaida, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 50, na siku hizi kiwanja chenye nyumba karibu na mji kinaweza kuvuka kiasi hicho na kesi ikapanda Mahakama Kuu, ambako gharama za wakili hupanda nayo.

Turudi kwenye ile sahihi ya shahidi, kwa sababu hapo ndipo kesi ya jirani yangu itasimama au kuanguka. Inaweza kusomwa namna mbili. Upande wa mwanaume utasema: alikuwepo, anajua kusoma, aliona jina la mnunuzi ni la mtu mmoja, akakubali, akatia sahihi. Kama ilikuwa yao wote, mbona hakudai siku ileile? Ni hoja yenye nguvu. Lakini mkataba wa mauzo ni ushahidi wa biashara kati ya muuzaji na mnunuzi. Hausemi fedha zilitoka mfuko wa nani, wala wawili waliokaa chumba kimoja walikubaliana nini usiku wa kuamkia siku hiyo. Kwa kuwa kiwanja hakijasajiliwa, hakuna hatimiliki ya serikali, ambayo kwa sheria yetu ni ushahidi wa mwisho wa umiliki na haitikiswi kirahisi pasipo kuthibitisha udanganyifu. Kwa hiyo sahihi yake, iliyosomwa pamoja na daftari lake, pamoja na muuzaji aliyehesabu noti kutoka mikononi mwake, na fundi aliyelipwa naye kila Jumamosi, inaweza kugeuka kuwa uthibitisho kwamba alikuwa ndani ya shughuli hii tangu mwanzo. Nilimwambia mambo hayo polepole. Alichouliza ni kama fundi yule bado yuko Jinja au alihamia Iganga.

Lipo daftari, basi, lakini daftari haliandiki kila kitu. Halikuandika chakula cha miaka tisa, wala usiku wa kukaa na mtoto hospitalini, wala ukweli kwamba mshahara wa mwanaume uliweza kununua mchanga na kokoto kwa sababu mukene ndio ulionunua unga na mafuta ya taa. Katika ndoa, mchango wa namna hii umeanza kupata heshima mahakamani. Tanzania ilianza mapema: mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali. Nasi, Rwabinumi ilipozungumzia mchango usio wa moja kwa moja, iliacha mlango wazi. Lakini asiye na ndoa akija kwa njia ya amana, mahakama inamtazama kwanza kama mtu aliyetoa fedha au hakutoa. Mwanamke aliyelea watoto na kulima mboga ili mwenzake apate nafasi ya kujenga anaweza kuondoka na beseni na godoro. Hapa ndipo ninapoona dhuluma hasa, na hapa ndipo Bunge linapohitajika, maana mahakama haiwezi kulitengeneza jambo hili kesi kwa kesi bila kumchosha kila mama anayekuja.

Nisieleweke kwamba hili ni la wanawake tu. Namfahamu kijana aliyejenga nyumba nzuri kwenye ardhi ya baba wa mpenzi wake, kwa fedha za miaka mitano ya kuendesha boda boda. Walipoachana, mzee alimwambia achukue mabati yake. Wako pia wasichana waliokwenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni, wakatuma fedha kila mwezi kwa simu kwa wachumba waliowaacha, na waliporudi wakakuta kiwanja kimenunuliwa kweli, ila kwa jina la mchumba na dada yake. Wao angalau wana kumbukumbu za miamala. Aliyetuma kwa simu ana ushahidi bora kuliko aliyetoa noti mkononi.

Sasa, mbona Bunge limekwama? Historia ni ndefu na si ya kujivunia. Mwaka 1998, wakati Sheria ya Ardhi inapitishwa, kifungu cha umiliki wa pamoja kati ya mume na mke, kilichopiganiwa na mbunge Miria Matembe na wenzake, hakikuonekana katika sheria iliyochapishwa, na mpaka leo kinaitwa kifungu kilichopotea. Nacho kilihusu wanawake wa ndoa tu. Ukaja muswada wa mahusiano ya nyumbani wa 2003, ukafa. Ukaja Muswada wa Ndoa na Talaka wa 2009, uliogusa pia mali za watu wanaoishi pamoja bila ndoa, na mwaka 2013 mjadala wake ukasimamishwa baada ya upinzani mkali mitaani, misikitini na makanisani. Nakumbuka mazungumzo ya wakati ule. Katika kila kibanda cha chai hoja ilikuwa moja: wanataka kuwaita mahawara wake, na msichana akikaa kwako miezi sita ataondoka na nusu ya nyumba ya baba yako.

Hofu ile ilikuwa ya kweli hata pale ilipokosa msingi, na waandishi wa muswada hawakuijibu vizuri. Viongozi wa dini walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini mtu afunge ndoa kama atapata yaleyale bila kufunga. Wake wa ndoa nao walikuwa na swali lao, ambalo kwangu ni zito kuliko yote: mwanaume ana mke kijijini Kamuli na mwanamke mwingine mjini, sheria ikimtambua wa mjini kuwa mwenzi, ni shamba la nani litakalokatwa? Kosa lilikuwa kufunga mambo mawili katika fundo moja, hadhi ya ndoa na haki ya mali, hivi kwamba ili kumpa mtu tofali lake ilibidi kwanza kumpa jina la mke.

Mambo hayo mawili yanaweza kutenganishwa, na jirani zetu wa Kenya wameonyesha jinsi. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya watu wawili, waliotajwa kwa herufi tu, MNK na POM, walioishi pamoja miaka mingi Nairobi. Mahakama ilikataa kudhani kwamba kulikuwa na ndoa, kwa sababu mwanamke alikuwa bado na ndoa nyingine. Jibu la swali la hadhi likawa hapana. Lakini haikuishia hapo. Ikatazama mali waliyoipata pamoja, ikaona kwamba ilishikwa kwa amana, na ikagawa asilimia 70 kwa mwanamke na 30 kwa mwanaume kulingana na michango. Hakuna aliyeitwa mke. Hakuna ndoa iliyoshushwa thamani. Mke wa Kamuli hana cha kuogopa katika utaratibu wa namna hii, kwa kuwa wa mjini hapati kitu cha mume, anapata alichokileta mwenyewe, na shamba la kijijini ambalo hakuweka jembe wala shilingi haliguswi.

Hiki ndicho ninachowaomba wabunge, wakati huu ambapo mageuzi ya sheria za ndoa yanazungumzwa tena: watoe suala la mali za wanaoishi pamoja kutoka ndani ya muswada wa ndoa, waliweke mahali pake peke yake, katika sheria fupi inayosema kwamba watu wazima wawili walioishi kama familia wakiachana, kila mmoja anaweza kudai sehemu ya mali waliyoipata katika kipindi hicho kulingana na mchango wake, na kwamba kazi ya nyumbani na malezi vihesabiwe katika mchango huo. Waongeze kwamba nyumba wanamolala watoto wa wawili hao isiuzwe na mmoja wao bila mwenzake kujulishwa kwa maandishi. Haki ya watoto kutunzwa na wazazi wote wawili iko tayari katika sheria na haitegemei ndoa, lakini matunzo bila paa ni nusu ya matunzo.

Wakati tunasubiri, kalamu iko mikononi mwa wenyeviti wa LC na mwa wanunuzi wenyewe. Mkataba unaweza kuandikwa majina mawili mahali pa mnunuzi. Sheria haidai cheti cha ndoa kwa hilo. Unaweza kuongeza mstari mmoja unaosema nani ametoa kiasi gani, na mafungu yao yakoje. Ikiwa ardhi imesajiliwa, wawili wanaweza kuandikwa kwa mafungu yaliyotajwa, ili mmoja akifariki fungu lake liende kwa warithi wake na lisimezwe na aliyebaki. Aliyechelewa, ambaye jina lake halimo, anaweza kuweka kaveti katika ofisi ya ardhi kuzuia hati isihamishwe huku madai yake yakisubiri kusikilizwa. Najua ugumu wake: kumwambia unayempenda “tuandike majina yote mawili” kunasikika kama kumshuku. Nimewasikia wanawake wakisema wangeonekana wamekuja kutafuta mali. Wazee wetu walipohesabu mahari mbele ya pande zote mbili hawakuona aibu, na hakuna aliyesema wanavunja mapenzi.

Mwenyekiti wa kijiji hakuamua kesi siku ile, na sidhani alikuwa na uwezo wa kuiamua. Alichofanya ni kumwandikia mnunuzi mpya barua ya mistari minne kumjulisha kwamba kiwanja kina mgogoro, akaigonga muhuri, akabaki na nakala. Mnunuzi amerudisha miguu nyuma kwa sasa. Fundi amepatikana Iganga, amekubali kuja kusema alilipwa na nani. Daftari la mama tumelipiga picha ukurasa kwa ukurasa, kurasa thelathini na moja, kwa sababu jalada lake limeanza kuoza kwa unyevu wa samaki.